Samaki Mkunje Angali Mbichi: Nyama ya Maabara Tuiulize Mapema



Nawaandikia nikiwa Wetherill Park, magharibi ya Sydney, Australia. Nimekuja kumtembelea binti yangu, na kama babu yeyote aliyestaafu nimegeuzwa mlinzi wa nyumba na msindikizaji wa watoto skuli. Hapa si pale penye bahari na lile jumba jeupe mnaloliona kwenye televisheni. Huku ni mtaa wa maghala, viwanda na malori, na nyumba za kawaida ng'ambo ya barabara. Majirani wengi wametoka Iraki na Vietnamu. Chakula cha halali hakina taabu, ukielekea Fairfield bucha zipo na mwenye duka atakujibu kwa Kiarabu. Basi sikutarajia hata kidogo kuwa nyama ndiyo itakayotugombanisha.

Ijumaa moja usiku simu ililia kutoka Maskati. Dadangu alikuwa juu. Binti yake, yaani mpwa wangu, amemaliza chuo hapa Sydney, anakaa nasi nyumba moja, na kapata kazi ya maabara katika kampuni moja inayokuza nyama kutokana na seli za wanyama. Kazi yake itakuwa kuchagua seli zinazofaa na kuzikuza. Dadangu akaniambia: "Kaka, wewe ndiye mkubwa huko. Mwambie mwanao aache. Hatukumsomesha aende akapike nyama ya uongo."

Haikupita saa, kundi letu la ukoo kwenye WhatsApp likawaka moto. Mmoja wa Sharjah akaleta video ya nguruwe ndani ya chupa. Mwengine wa Mombasa akaandika: "Haramu, imekwisha." Kijana mmoja wa Doha akamjibu: "Halali, maana hakuna kuchinja wala damu, imekwisha." Mpwa wangu aliisoma yote, akafunga mlango wa chumba chake, na chakula cha usiku hakula.

Mimi nimesomesha bayolojia zaidi ya miaka 30, na lililoniuma ni hilo neno "imekwisha". Wa haramu kamaliza, wa halali kamaliza, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza msichana: hizo seli zinatoka wapi?

Kuuliza nilifunzwa mahala ambapo wengi wenu hamtapatarajia, nako ni jikoni kwa mapadri. Nilisoma sekondari ya bweni ya misheni, mtoto wa Malindi mwenye jina refu la Kiarabu, tulikuwa Waislamu wachache kati ya mamia ya wanafunzi. Wiki ya kwanza ililetwa nyama, na sisi tukala wali mkavu. Wiki ya pili ikawa vivyo hivyo. Mmoja wetu akasema tupeleke malalamiko nyumbani, mwengine akasema tufumbe macho tule, Mungu ni msamehevu. Mkubwa wetu wa kidato cha nne akakataa yote mawili. Akaenda kumuuliza padri mkuu kwa adabu: mbuzi huyu nani kamchinja?

Padri hakukasirika. Alimwita mpishi, wakatazamana, ikabainika hakuna aliyewahi kulifikiria jambo hilo. Tangu wiki ile mbuzi wa skuli walichinjwa na mzee mmoja Mwislamu wa kijiji cha karibu, mbele ya wanafunzi wawili tuliowachagua wenyewe. Kisha skuli nzima, Wakristo na Waislamu, ikala sufuria moja. Nimelikumbuka jambo hilo miaka yote kwa sababu moja: tuliuliza kabla sufuria haijapanda jikoni. Lau tungeuliza nyama ikiwa kwenye sahani, padri asingekuwa na la kufanya zaidi ya kusikitika.

Sasa nipeni dakika chache za darasa, kisha nitasema rai yangu.

Nyama mnayoiona buchani ni seli. Nyuzi za msuli, mafuta, na ule utando unaozishikanisha, vyote ni seli na vilivyotengenezwa na seli. Kwenye msuli kumelala seli ndogo ambazo kazi yake ni kuamka unapoumia na kujenga upya palipochanika. Mwanasayansi Alexander Mauro alizielezea mwaka 1961. Hizo ni aina moja ya seli shina, yaani seli ambayo haijawa kitu kamili lakini inaweza kuzaa seli nyingine za kuwa kitu. Wenye kukuza nyama huchukua seli za namna hii, wakaziweka kwenye maji yenye sukari, chumvi, vitamini na viungo vya protini, kwenye joto la mwili wa mnyama, nazo hugawanyika: moja huwa mbili, mbili huwa nne.

Hesabu yake ndogo. Tuseme seli inagawanyika mara moja kwa siku. Siku ya 10 zitakuwa 1,024. Siku ya 20 zimepita milioni 1. Siku ya 30 zimepita bilioni 1. Ndiyo maana watu wenye akili zao wametia mali nyingi kwenye jambo hili. Lakini igeuzeni hesabu hiyo muitazame upande wa pili. Kama seli ile ya kwanza ina kasoro, iwe ya afya au ya sheria yetu, basi siku ya 30 mna kasoro bilioni 1. Hakuna mahala katikati pa kuitoa.

Kuna jambo jengine ambalo wengi hawalijui. Seli za kawaida huchoka. Mwaka huohuo wa 1961, Leonard Hayflick na mwenzake Paul Moorhead walionyesha kuwa seli za binadamu zikikuzwa maabara hugawanyika kiasi cha mara 40 mpaka 60 hivi, kisha husita. Seli za msuli wa ng'ombe nazo zina ukomo wake. Kwa hivyo mkuza nyama ana njia mbili. Ama arejee kwa mnyama kila baada ya muda kuchukua seli mpya, ama atafute seli zisizochoka. Nyingine za ndege hufikia hali hiyo zenyewe zikiwa chomboni. Nyingine hugeuzwa kwa ufundi, kama ule wa Mjapani Shinya Yamanaka, aliyeonyesha mwaka 2006 kuwa seli iliyokomaa ya panya inaweza kurudishwa utotoni, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2012.

Seli zisizochoka zikishapatikana, hupimwa, hugawiwa kwenye vichupa vidogo na kuwekwa katika naitrojeni ya maji, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Ndiyo benki ya seli. Kila wanapotaka kupika tangi jipya, hutoa kichupa kimoja. Kwa maana hiyo mnyama mmoja, aliyechaguliwa siku moja na mtu mmoja aliyevaa koti jeupe, anaweza kulisha maelfu ya watu kwa miaka, na baada ya siku ile hakuna tena mnyama wa kumkagua. Kisu ambacho mkaguzi wa halali amezoea kusimama mbele yake hakipo. Kilichobaki ni lile friza.

Hapo ndipo penye rai yangu. Nyama ya maabara si kitu kimoja cha kuhukumiwa kwa neno moja. Uhalali wake au uharamu wake unaamuliwa siku seli inapochaguliwa na siku chakula chake kinapochanganywa. Sisi tukisubiri mpaka ifike kwenye rafu ya duka la Sib au Deira ndipo tugombane, tutakuwa kama yule anayeuliza nani kachinja ilhali keshatafuna. Samaki mkunje angali mbichi.

Nilimwita mpwa wangu mezani asubuhi ya pili. Nilimwambia: "Mama, sikuhukumu. Nitakuuliza maswali, nawe nijibu kama ulivyokuwa ukinijibu masomo." Nawapa maswali yenyewe, kwa sababu yanafaa kuulizwa na kila familia.

Swali la kwanza: ni mnyama gani? Linaonekana rahisi, lakini sivyo. Hapa Sydney kuna kampuni iitwayo Vow. Machi 2023 watu wake walionyesha katika jumba la makumbusho la NEMO, Amsterdam, kofta ya "mamothi", yule ndugu wa tembo mwenye manyoya aliyetoweka zamani. Dunia ilicheka na kupiga picha. Lakini mwalimu wa bayolojia huuliza: ndani yake mlikuwa na nini? Zilikuwa seli za msuli wa kondoo, zilizotiwa jeni moja ya mamothi inayohusu protini ya wekundu wa nyama, na mapengo ya jeni hiyo yakazibwa kwa ya tembo wa Afrika. Hawakumpa mtu kuila. Sasa niambieni, huyo ni kondoo au ni tembo? Kwa hivyo "ni mnyama gani" ni maswali mawili: seli ni ya nani, na kuna cha mwengine kilichotiwa ndani?

Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyofungua njia Australia. Bidhaa yake ni kware wa Kijapani. Ilianza kuuzwa Singapore mwaka 2024, na Juni 2025, baada ya mapitio ya zaidi ya miaka miwili, mamlaka ya viwango vya chakula ya Australia na New Zealand ikakamilisha kibali cha kwanza cha nyama ya namna hii katika nchi hizi. Sharti mojawapo ni kuwa lazima iandikwe wazi kwamba imetokana na seli zilizokuzwa. Kware ni ndege wa halali, hilo halina mgogoro. Wakenya mtakumbuka mwaka 2013 na 2014 tulivyokimbilia kufuga kware kama waliorogwa, mayai yakauzwa kama dhahabu, kisha soko likaanguka watu wakabaki na vizimba. Basi kware ni wetu. Lakini swali halijesha, maana kuna la pili.

Swali la pili: seli imetolewaje? Kila aliyekaa chuoni anajua mafunzo ya Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, kuwa kilichokatwa kwa mnyama aliye hai huhesabiwa kama mzoga. Watu wa wakati ule walikuwa wakikata nundu za ngamia na mikia ya kondoo wangali hai. Leo kampuni nyingi hujisifu kuwa hawaui mnyama, wanachukua kipande kidogo tu cha msuli kwa sindano, na ng'ombe anarudi zake malishoni. Kwa mtu wa Ulaya hiyo ndiyo sifa kubwa. Kwetu sisi ndiyo inayozua shaka. Ajabu iliyoje: lile wanalolinadi kama rehema ndilo linaloweza kutufungia mlango, na kumchinja mnyama mmoja kwa Bismillahi, kisha kuchukua seli zake, kungeweza kuufungua. Hao wa kware walianza na seli za kijusi cha ndege huyo, seli za tishu inayoshikanisha mwili. Je, kijusi kina hukumu gani? Mimi si mwanachuoni wa fiqhi, hapo nanyamaza. Lakini najua kuwa mtu wa fiqhi hawezi kulijibu hilo bila kukaa meza moja na mtu wa maabara, na mtu wa maabara hawezi kulijibu peke yake hata kidogo.

Swali la tatu: seli inakula nini? Hili ndilo lililomfanya mpwa wangu anyamaze. Kwa miaka mingi chakula kilichopendwa maabara kilikuwa seramu ya ndama tumboni. Ng'ombe mwenye mimba akichinjwa machinjioni, damu ya ndama aliye tumboni huchukuliwa, ikasafishwa, na ile sehemu ya majimaji hupewa seli, nazo hunawiri. Ile kofta ya nyama ya kukuzwa ya Profesa Mark Post iliyoliwa mbele ya waandishi London tarehe 5 Agosti 2013, na gharama yake ikatajwa kuwa kama yuro 250,000, ilikuzwa kwa seramu hiyo. Damu, ndugu zangu. Yule kijana wetu wa Doha aliyesema "hakuna damu" hakujua kuwa damu ilikuwa imeingia kwa mlango wa nyuma.

Lakini na tuwe wakweli, mambo yamebadilika. Kampuni nyingi zimeiacha seramu, kwa sababu ya bei yake na kwa sababu ya aibu yake. Singapore, iliyokuwa nchi ya kwanza duniani kuruhusu nyama hii Desemba 2020, Januari 2023 iliruhusu pia kuku aliyekuzwa bila seramu. Kwa hivyo aliyetuma video ya kuogofya naye anazungumzia habari za juzi. Swali la kuuliza leo ni: tangi hili, la kampuni hii, lina nini ndani yake? Na seli zenyewe, kabla hazijazoea chakula kipya, zililelewa kwa nini?

Mpwa wangu alinijibu la kwanza na la pili vizuri. La tatu alisema: "Mjomba, sijui. Sikuwauliza." Nikamwambia, basi kabla hujaweka sahihi, nenda kaulize.

Sasa nataka kuwajibu wanaosema haya hayatuhusu. Shemeji yangu aliniambia kwenye simu: "Sisi huku tuna mbuzi wetu, hao Wazungu wale wanachotaka." Shemeji, hebu tazama kwenye friza lako. Nchi za Ghuba zinanunua sehemu kubwa ya nyama yao kutoka ng'ambo, na Australia hii niliyopo ni mmoja wa wauzaji wakubwa. Kondoo wengi wa Idi mliowachinja Kuwait, Qatar na Imarati kwa miaka na miaka walifika wakiwa hai melini kutoka huku. Mwaka 2017 meli iitwayo Awassi Express ilipoteza kondoo kama 2,400 kwa joto ikiwa safarini kuja Ghuba, na picha zilipotoka mwaka uliofuata Waaustralia walilia. Julai 2024 bunge lao likapitisha sheria: biashara ya kusafirisha kondoo hai kwa bahari itakoma tarehe 1 Mei 2028. Si muda mrefu kutoka leo.

Sisemi kuwa kondoo hao watabadilishwa na nyama ya tangi. Nyama iliyochinjwa na kugandishwa itaendelea kuja, na kondoo wa Somalia na kwengineko wapo. Ninachosema ni kuwa kila siku maamuzi ya kitoweo chetu yanafanywa na watu wasiotuuliza. Na walio kwenye nyama ya kukuzwa wanalijua soko la Ghuba vizuri kuliko tunavyodhani. Mwaka 2021 kampuni ya Kimarekani ya Eat Just, ndiyo iliyouza kuku wa kwanza Singapore, ilitangaza mpango wa kujenga kiwanda Qatar. Mwaka 2023 kampuni hiyo ikasema imepata rai ya wanavyuoni watatu wa Saudia, kwamba nyama ya kukuzwa inaweza kuwa halali kwa masharti, mojawapo likiwa seli zitoke kwa mnyama aliyechinjwa kisheria. Februari 2024 kamati ya fatwa ya Baraza la Dini ya Kiislamu la Singapore nayo ikatoa fatwa: inafaa, ikiwa seli ni za mnyama anayeruhusiwa kuliwa na hakuna kisicho halali kilichochanganywa. Someni vizuri, ndugu zangu. Wote wamesema "inaweza" na "ikiwa". Hakuna aliyesema "imekwisha". Na fatwa si cheti. Fatwa inakupa kipimo, lakini lazima awepo mtu wa kwenda kupima.

Na huyo mtu atatoka wapi? Hapa ndipo ninapotofautiana na dadangu, nampenda kama ninavyompenda. Ukiwaondoa watoto wetu wote kwenye maabara, atakayechagua seli atakuwa mtu asiyejua kwa nini swali la pili lina uzito. Atachagua seli inayokua haraka, isiyochoka, isiyohitaji kushikilia kitu, inayokubali kuelea ndani ya tangi. Hivyo ndivyo vipimo vyake, wala hana makosa, ndivyo alivyofundishwa. Uhalali hautakuwa kwenye karatasi yake kwa sababu hakuna aliyeutia. Kisha miaka 10 baadaye tutalalamika kuwa hawakutujali. Padri wetu naye hakuwa na ubaya. Hakuna aliyewahi kumuuliza, ndiyo yote.

Nawasikia wanaosema: hata ikiwa halali, kwa nini? Wallahi swali ni la haki. Mimi mwenyewe sina hamu nayo. Bado ni kitu cha mikahawa michache, na yale madai kuwa itaokoa dunia nayaona ni mapema mno. Matangi yanataka umeme, usafi wa hali ya juu, na fedha nyingi, na bado hayajalisha mji hata mmoja. Tena kuna jambo ambalo tangi halitalifanya kamwe. Udhuhiya wa Idi si protini. Ni mnyama mwenye uhai, unayemchagua, unayemtoa kwa ajili ya Mola wako, ukampa jirani na maskini fungu lake. Malindi utotoni tulimjua jirani kwa fungu lake la nyama kabla hatujajua jina lake. Siku watu wakisema wataleta kilo mbili za tangi badala ya kondoo wa Idi, siku hiyo mimi nitakuwa wa kwanza kusimama msikitini kupinga, fimbo yangu mkononi.

Lakini kukataa kitu kisiingie badala ya ibada ni jambo moja, na kukataa kukijua ni jengine. Babu zetu walipoletewa jibini na peremende hawakuuliza, na leo mama zetu wamesimama dukani na miwani wakisoma maandishi madogo nyuma ya pakiti, wakitafuta gelatini ya nguruwe. Hiyo ndiyo adhabu ya kuchelewa kuuliza. Tunasoma pakiti kwa sababu hatukuwepo kiwandani.

Basi nina maombi matatu. Kwa mamlaka za chakula za nchi za Ghuba: msisubiri bidhaa ifike bandarini. Semeni sasa, kwa maandishi, mnataka kujua nini juu ya asili ya seli, mnyama alivyochukuliwa, jeni zilizotiwa, na chakula cha tangi tangu kichupa cha kwanza. Kwa masheikh wetu: tafadhalini, kabla ya darsa ya kulaani au kusifu, muiteni kijana mmoja wa maabara awachoree ubaoni. Na kwa wazazi: mwanao akisomea seli, usimwone amepotea. Pengine ndiye jicho la pekee tutakalokuwa nalo ndani ya chumba kile.

Mpwa wangu alikwenda akauliza. Aliuliza seli walizonazo zilitoka kwa mnyama gani na kwa njia gani, na zimelelewa kwa nini tangu mwanzo. Alirudi jioni, akavua viatu mlangoni, akakaa karibu nami. Msimamizi alimjibu mawili papo hapo. La tatu, la seli zililelewa kwa nini tangu mwanzo, alifungua kompyuta, akatafuta, kisha akasema kwa haya kuwa itabidi akawaulize wenzake wa zamani, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuliuliza. Akamwomba amwandikie maswali hayo kwenye karatasi.

Nikampigia dadangu Maskati. Nilimwambia: mtoto aende. Aende kwa masharti matatu: kila seli aiulize nasaba yake kama tunavyouliza nasaba ya mposaji, jibu likiwa baya, aliseme hata kama litamkosesha kazi, na asilete bidhaa hiyo nyumbani mpaka wenye elimu wa huku na huko waseme wameridhika. Dadangu alinyamaza kitambo. Kisha akauliza: "Na karatasi hiyo ya maswali, ameiandika?"

Nikamwambia ameiandika. Ipo hapa mezani, mimi nimemsahihishia tahajia.

"Basi nisomee," akasema. Nikamsomea.